Je, Mtoto Hurithi Hatia Pamoja na Ugonjwa?



Ilikuwa siku chache kabla ya Kwaresima, wakati ambapo majina ya wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka huandikwa kitabuni. Wakatekumeni wanne walinijia nyumbani jioni, wakaketi, wakanyamaza kitambo. Kisha mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tunakuomba ufute jina la mama yule mzee. Hafai kumwagiwa maji pamoja nasi. Yeye ndiye anayekula macho ya mjukuu wake."

Mama waliyemtaja alikuwa amehudhuria mafundisho miaka miwili bila kukosa. Mjukuu wake nilimjua vema, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la tatu. Mchana alisoma vizuri, hasa akikaa karibu na dirisha. Lakini jua lilipotua aligeuka kama mtu mwingine. Alijikwaa penye mawe ambayo wenzake waliyaruka. Jioni moja, tulipokuwa tukisali Rozari katika shirika letu, alikanyaga sufuria ya uji uliowekwa kwa ajili ya wagonjwa, akaumwaga wote. Nami, Mungu anisamehe, nilimwadhibu mbele ya watu kwa kosa la uzembe.

Baadaye vita vilitukuta, tukakimbia usiku kwa njia ya msituni, kutoka vilima vya Masisi kushuka upande wa Walikale. Hakuna aliyethubutu kuwasha taa. Mtoto yule hakuweza kupiga hatua hata moja ila ameshika kitenge cha nyanya yake. Ndipo watu wote walipotambua kwamba usiku haoni kabisa. Wengi, badala ya kumhurumia, walianza kunong'ona. Kaka yake mama huyu naye alikufa kipofu. Ukoo ule ni ukoo wa vipofu. Hapana, kuna mkono wa mtu. Manong'ono hayo yalitufuata mpaka mahali tulipopokewa, yakakua, na jioni ile yalifika mlangoni kwangu.

Niliwajibu wale wanne maneno machache tu, kwa maana sikuwa nimejitayarisha. Leo napenda kuwajibu kwa urefu, wao pamoja nanyi nyote, kwani swali lao lipo katika kila kijiji.

1. Swali la kale

Swali hili halikuanza kwetu. Katika Injili ya Mtakatifu Yoane, sura ya tisa, wanafunzi wa Bwana wetu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Mara wakataka kujua kosa ni la nani, lake mwenyewe ama la wazazi wake. Hawakuuliza kama amekula, wala kama ana mtu wa kumshika mkono. Walitaka kumpata mwenye hatia kwanza.

Bwana wetu aliyakataa yote mawili. Hakusema kwamba kosa ni la kipofu, wala hakusema kwamba ni la wazazi wake. Alisema kwamba katika mtu huyu kazi za Mungu zitaonekana. Kisha alifanya tope kwa mate yake, akampaka machoni, akamtuma kunawa katika birika la Siloe. Naye akarudi akiona.

Someni sura hiyo hadi mwisho, mtaona jambo la kushangaza. Baada ya mtu yule kupona, majirani wanamhoji, Mafarisayo wanamhoji, wazazi wake wanaitwa, nao wanajibu kwa hofu kwa sababu wanaogopa kufukuzwa katika sinagogi. Mwishowe aliyeponywa anafukuzwa. Katika baraza lile kubwa hakuna hata mmoja anayefurahi pamoja naye. Wote wanauliza maswali juu yake. Yesu peke yake ndiye aliyemgusa, na alipofukuzwa, Yesu ndiye aliyemtafuta.

Basi mtu anayetaka kuwa Mkristo na achague mahali pake katika habari hiyo. Atakaa na baraza linalotafuta mwenye kosa, au atasimama karibu na Yule mwenye tope mikononi?

2. Jicho linavyougua

Mungu ametupa imani, naye ametupa pia akili ili tuchunguze kazi zake. Tuangalie sasa yale ambayo wataalamu wamegundua juu ya ugonjwa wa namna hii.

Nyuma kabisa ya jicho, ndani, mna utando mwembamba sana uitwao retina. Mwanga huingia kwa mboni, ukaangukia utando huo, nao hupeleka habari kwenye ubongo. Katika retina mna seli za namna mbili zinazopokea mwanga. Moja hufanya kazi katika mwanga hafifu, kama wakati wa machweo. Nyingine hutambua rangi na mambo madogo madogo wakati wa mchana, kama herufi za kitabu.

Zamani mganga hakuweza kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1851 Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo chake kidogo cha kutazamia ndani ya jicho. Tangu hapo waganga waliona mambo ambayo hakuna aliyeyaona kabla yao. Katika watu wengine wasioona usiku waliona madoa meusi yaliyotawanyika juu ya retina. Ugonjwa huo uliitwa retinitisi pigmentosa. Huua kwanza seli za mwanga hafifu; ndiyo sababu mgonjwa hupoteza kuona usiku kabla ya kupoteza kuona mchana. Kisha uwezo wa kuona pembeni hupungua, hata mtu huwa kama anayechungulia kwa tundu la mwanzi. Wengine, baada ya miaka mingi, hupofuka kabisa. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja katika kila watu 4,000 hivi ana ugonjwa huo.

Mwaka 1861 mganga wa macho wa mjini Berlin, Richard Liebreich, alichapisha jambo alilolichunguza. Aliwapima viziwi wa mji ule, akawaona wengine wana ugonjwa huo wa retina. Nao wengi wa hao walikuwa wamezaliwa na wazazi walio ndugu wa damu. Mwaka 1869 Mjerumani mwingine, Theodor Leber, aliandika juu ya watoto ambao retina zao hazifanyi kazi tangu kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Basi ikaonekana wazi kwamba magonjwa haya hutembea katika jamaa. Lakini hutembeaje? Mbona wazazi wanaoona vizuri humzaa mtoto asiyeona, na ndugu zake wakaona?

3. Mtawa na njegere zake

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, yaani katika bustani ya watawa.

Mjini Brno, katika nchi iitwayo leo Ucheki, aliishi padri wa shirika la Mtakatifu Augustino, jina lake Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, katika jamaa ya wakulima kama sisi. Kwa miaka kadhaa alipanda njegere, akazihesabu kwa uvumilivu mkubwa. Alichanganya mbegu za mviringo na mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tupu. Ungedhani ule ukunjamano umekufa. Lakini alipozipanda mbegu hizo tena, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Ukunjamano haukuwa umekufa; ulikuwa umefichika tu. Aliyachapisha hayo mwaka 1866, na watu hawakumjali. Alifariki mwaka 1884, akiwa abati wa monasteri yake. Mwaka 1900 ndipo wataalamu walipotambua thamani ya kazi yake.

Jambo lile lile liko katika mwili wa binadamu. Fikirini hivi: kwa karibu kila kazi ya mwili, mtoto hupokea barua mbili za maagizo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Barua hizo huitwa jeni. Kwa magonjwa mengi ya retina, barua moja ikiwa na kosa, ile nyingine hutosha. Mtu huona vizuri, wala hajui kwamba amebeba barua yenye kosa. Lakini baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba kosa katika barua ile ile, kila mtoto wao huwa na bahati moja katika nne ya kupokea barua mbili zenye kosa. Huyo ndiye anayeugua. Si kwamba kila mtoto wa nne ataugua. Ni kama kurusha sarafu mbili, ambazo pengine huangukia upande mmoja mara tatu mfululizo, na pengine haziangukii hata mara moja.

Tena ugonjwa una njia nyingine. Mara nyingine kosa moja kutoka kwa mzazi mmoja hutosha. Mara nyingine kosa hubebwa na mama, likajitokeza kwa watoto wa kiume. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Thaddeus Dryja, pamoja na wenzake, walionyesha kosa la kwanza kabisa kupatikana katika jeni ya wagonjwa wa retinitisi pigmentosa. Leo zimejulikana jeni zaidi ya 250 zinazoweza kuleta magonjwa ya kurithi ya retina.

Sasa sikilizeni vizuri neno hili. Wataalamu wanasema kwamba kila mmoja wetu, mimi na wewe, amebeba makosa kadhaa ya namna hiyo yaliyofichika, ambayo hayajapata mwenzake. Hapana ukoo ulio safi. Mtu anayenyosha kidole akisema "ule ni ukoo wa vipofu" naye amebeba barua ambazo hajazisoma. Hii ndiyo sababu mojawapo ya hekima katika sheria ya Kanisa inayokataza kuoana watoto wa ndugu wawili bila ruhusa yake, na katika mila za wazee wengi wanaokataza kuoa ndani ya ukoo. Watu wa damu moja huweza kubeba barua ile ile.

Lakini pia tusiigeuze elimu hii iwe fimbo mpya. Nimekwisha kusikia mtu akisema, "Vema, si uchawi, basi kosa ni la damu ya mke wangu, nitamrudisha kwao." Huyo hakujifunza kitu, amebadili jina la mashtaka tu. Mama hakuchagua barua aliyopokea kwa wazazi wake, wala hakuchagua ipi ampe mtoto wake. Na pasipo kuchagua hapana dhambi. Hata katika katekisimu mmejifunza kwamba dhambi ya mauti hutaka mambo matatu: jambo kubwa, kujua kamili, na kukubali kwa moyo. Katika kurithisha ugonjwa, mama huyu alijua nini? Alikubali nini?

4. Njia hii inaishia wapi

Labda mwingine atasema, "Mwalimu, maneno ya watu ni maneno tu, yatapita." Hayapiti. Tutazame jirani zetu wa Tanzania.

Ualbino nao hurithiwa, kwa njia ile ile ya barua mbili. Mtu huyo hukosa rangi katika ngozi, nywele na macho. Na katika retina yake, sehemu ya katikati, ile ya kuona mambo madogo, haikukua sawasawa. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo huona kwa shida ubaoni, na mwanga mkali humwumiza. Mwaka 1995 mtaalamu wa Marekani, Richard Spritz, pamoja na wenzake, miongoni mwao mganga J. Luande wa Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi juu ya watu wenye ualbino wa Tanzania. Walionyesha kwamba wengi wao wamepungukiwa na kipande kile kile cha jeni moja. Jambo lilikuwa limeandikwa wazi: baba na mama, wote wawili, wamebeba kosa lililofichika, si laana, si mzimu, si ugoni wa mama na mzungu.

Hata hivyo, miaka kumi na zaidi baadaye, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa huko Tanzania na Burundi, hata watoto, ili viungo vyao viuzwe kwa waganga wa uchawi. Wauaji hawakuanza kwa kushika panga. Kwanza watu walizoea kusema kwamba hawa si watu kamili, kwamba wameletwa na kitu fulani. Maneno yalitangulia, panga likafuata. Na kwetu pia, ni mama wazee wangapi wamefukuzwa katika nyumba zao kwa neno moja tu lililosemwa kando ya moto?

5. "Lakini Mwalimu, mbona dhambi ya asili hurithiwa?"

Mmoja wa wale wanne, mtu mwenye akili, aliniuliza swali gumu. "Mwalimu, wewe mwenyewe unatufundisha kwamba tumerithi dhambi ya Adamu. Tena katika Amri za Mungu tunasikia habari ya uovu wa baba kufika kizazi cha tatu na cha nne. Basi mbona unakataa kwamba mtoto hulipa kosa la wazee wake?"

Swali hili ni la haki, nalo litajibiwa kwa sehemu mbili.

Kwanza, dhambi ya asili si tendo ulilolitenda wewe. Kanisa hufundisha kwamba tunaipokea, hatuitendi. Ni hali ya kukosa neema ile ambayo Mungu alimpa binadamu mwanzoni, kama vile mtoto anayezaliwa baada ya baba yake kupoteza shamba. Amezaliwa bila shamba, lakini hakuna hakimu atakayemwita mwizi. Tena hali hiyo ni ya watu wote sawasawa. Anayeona na asiyeona, mwenye ngozi nyeusi na mwenye ualbino, mwami na mkimbizi, wote wanafika kwenye maji ya Ubatizo na haja ile ile. Kwa hiyo hakuna awezaye kuichukua dhambi ya asili na kumtupia mwenzake mmoja, akisema, "Wewe umeirithi zaidi."

Pili, juu ya kizazi cha tatu na cha nne: ni kweli kwamba matendo mabaya ya wazazi huwaumiza watoto. Baba akinywa pombe yote ya mavuno, watoto hulala njaa. Lakini kuumizwa ni jambo moja, na kuhukumiwa ni jambo lingine. Waisraeli nao walikuwa na methali juu ya baba waliokula zabibu chungu na watoto waliopatwa na ganzi menoni. Nabii Ezekieli, katika sura ya kumi na nane, alitumwa na Mungu kuikomesha methali hiyo. Mungu alitangaza kwamba kila mtu atahukumiwa kwa matendo yake mwenyewe, na kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na tukikosea kulielewa neno la kale, Bwana wetu mwenyewe ametufungulia maana yake mbele ya yule kipofu.

Hivyo ugonjwa waweza kurithiwa, na umaskini waweza kurithiwa, lakini hatia ya tendo hairithiwi kamwe. Shikeni hilo.

6. Wajibu wetu

Mwenye kuacha kutafuta mchawi hajamaliza kazi, ameianza. Tufanye nini sasa?

Kwanza, tumpeleke mgonjwa apimwe. Si kila upofu wa usiku ni wa kurithi. Mtoto aliyekosa chakula chenye vitamini A naye huacha kuona jioni, na asipotibiwa macho yake huharibika kabisa. Huyo huponywa kwa dawa ndogo katika kituo cha afya, na hulindwa kwa vyakula tulivyo navyo: mawese mekundu yasiyochujwa rangi, sombe, papai, karoti, mayai. Wengine hupofushwa na ugonjwa unaoletwa na nzi wadogo weusi wanaouma kando ya mito yenye maji ya kasi; kwa huo kuna vidonge vinavyogawiwa vijijini kila mwaka. Fikirini basi: mtoto anakosa mawese, nasi tunamfukuza nyanya yake!

Tena kuna jambo la haraka kuliko yote. Mkiona katika mboni ya mtoto mdogo weupe unaong'aa kama jicho la paka usiku, msingoje hata juma moja. Huenda ikawa saratani ya retina, ambayo kwa watoto wengine hutokana na kosa la kurithi. Ikigunduliwa mapema, mtoto huweza kuokolewa. Ikifichwa nyumbani kwa hofu ya laana, huenea mpaka ubongoni. Hapo kuchelewa ndiko kunakoua.

Pili, tuseme ukweli juu ya tumaini. Wataalamu wa Marekani, Jean Bennett na mumewe Albert Maguire, walifanya kazi miaka mingi kutafuta namna ya kupeleka jeni nzima ndani ya retina. Mwaka 2001 uchunguzi wao na wenzao ulitangaza kwamba mbwa waliozaliwa vipofu walipata kuona. Mwaka 2007 wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa njia ya namna hiyo, London na Marekani, na Desemba 2017 serikali ya Marekani iliikubali dawa yao. Dawa hiyo hutibu watu wenye kosa katika jeni moja tu kati ya zile zaidi ya 250, nayo ilitangazwa kwa bei ya dola 850,000 kwa macho mawili. Tumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa, wala tusiwadanganye wagonjwa wetu kwamba kesho watapona.

Je, kwa wasioponywa kazi za Mungu hazitaonekana? Zitaonekana, ndugu zangu, lakini mara nyingi zitapita katika mikono yetu. Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, alipofuka akiwa mtoto mdogo kwa kuumia katika karakana ya baba yake. Hakupona hata kufa kwake mwaka 1852. Lakini alipiga kinanda makanisani mjini Paris, na mwaka 1829 alichapisha mwandiko wa nukta zinazosomwa kwa vidole, ambao mpaka leo vipofu wa dunia yote hujifunzia kusoma. Lau watu wangalimwacha kando ya njia kama mwenye laana, tungalikosa kitu gani!

Sisi hatuna mambo makubwa ya kutoa. Tunaweza kumketisha mtoto karibu na dirisha. Tunaweza kufanya mafundisho ya jioni mapema kidogo, kabla jua halijatua. Tunaweza kunyosha kamba kutoka nyumbani mpaka choo, ili usiku asijikwae. Tunaweza kumpa fimbo na kumfundisha kuitumia tangu sasa, macho ya mchana yangali yapo. Na siku ya kukimbia, ambayo Mungu atuepushe nayo, tunaweza kujua mapema ni nani atakayemshika mkono.

Sasa niwaambie mambo yalivyokwisha. Jina la mama yule sikulifuta. Nilimweleza Padri, naye akasema kwamba ili kumtendea mtu haki hatuna haja ya kungoja mganga atupe cheti; asiye na ushahidi wa kosa hana ruhusa ya kuhukumu. Kituo cha afya kilimpa mtoto vitamini A, lakini macho yake hayakubadilika. Baadaye, njia ilipofunguka, mjomba wake alimpeleka Goma. Mganga wa macho alitazama ndani kwa chombo chake, akaona yale madoa meusi, akasema ni ugonjwa wa kurithi na kwamba kwa sasa hana dawa yake.

Mama mzee alibatizwa usiku wa Pasaka. Mtoto hakupona, usiku haoni, na mchana pia anaanza kupungukiwa pembeni. Wawili kati ya wale wanne humpitia jioni na kumleta kwenye sala. Mmoja hajabadilika moyo, nasi tunamwombea. Wa nne alihama.

Na mimi nilikuwa na deni langu. Nilisimama mbele ya darasa lile lile ambamo niliwahi kumsema mtoto kwa uzembe, nikamwomba msamaha kwa sauti ya wote kusikia. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, nilidhani watu wote usiku hawaoni, ila wao wanajikaza." Tangu siku hiyo nimejifunza kuuliza kabla ya kuadhibu.

Ndugu zangu, usiku wa Pasaka mtapewa mshumaa uliowashwa, na mtaambiwa mwenende kama watoto wa mwanga. Mwanga huo haukuwekwa mikononi mwenu ili mumulike uso wa jirani mkitafuta mchawi. Mmulikieni njia asiyeona.

Maswali ya kujiuliza katika shirika

Katika kijiji chetu ni nani asiyeona vema, na tumesema nini juu ya jamaa yake?
Je, tumekwisha kumpeleka apimwe, au tumemfanyia baraza tu?
Jioni ya leo ni nani atakayemshika mkono mpaka kwenye sala?

Mama Maria, afya ya wagonjwa, utuombee.